Hatua ya Saba ya Bwana Marco

Jumapili moja baada ya Misa, katika chumba cha mikutano cha parokia yetu hapa Masisi, tulisikia maneno mawili ambayo hatuwezi kuyaacha yapite hivi hivi. La kwanza lilitoka kwa mzee mmoja mwenye heshima zake. Aliwakuta vijana wanne wameinamia ubao wa sataranji, ule mchezo ambao waliosoma Kifaransa huuita eshek. Ubao wenyewe waliuchora kwa makaa juu ya kipande cha mbao; kete nyingine zimechongwa kwa mti wa mkaratusi, nyingine ni vifuniko vya chupa. Mzee akatikisa kichwa, akasema: «Nchi inaungua, nanyi mnasukuma vijiti.»

La pili lilitoka kwa kijana mmoja kati ya wale wanne. Alitaka kumwonyesha mzee kwamba vijiti vile si mchezo wa wajinga. Akasema: «Mzee, mimi ufunguzi wa Kihispania nimeuhifadhi moyoni mpaka hatua ya kumi na mbili.» Sisi tuliokuwa karibu tukamwuliza: «Basi, katika hatua ya tatu, kwa nini askofu anakwenda pale?» Akatutazama kama mtu aliyeulizwa kwa nini Jumatatu hufuata Jumapili. «Ndivyo ilivyoandikwa, Mwalimu.»

Leo tunataka kugombana na wote wawili. Na mzee tutagombana kidogo tu, kwa adabu. Na kijana tutagombana sana. Na kuliko kijana, tutagombana na walimu na makatekista waliomfundisha, nasi tumo katika kundi hilo.

Mzee tunamwambia hivi: Baba, wewe mwenyewe kila jioni unakaa mbele ya ubao wa kisoro, na mtu akikusemesha humjibu mpaka umalize kuhesabu. Ubao wako una safu nne za mashimo manane, yaani mashimo 32, na kete 64 za mbegu. Ubao wa vijana hawa una nyumba 64 na kete 32. Hesabu ni ile ile, imegeuzwa tu kama nguo iliyovaliwa nje ndani. Kama kisoro hakijakupotezea akili, mbona sataranji iwapotezee wao?

Labda mzee anaogopa kamari. Tunamwelewa. Katika nchi ya Walikale Wanyanga wana hadithi kubwa ya Mwindo, ambayo mzee Candi Rureke aliisimulia mwaka 1956 kwa siku 12, akiimba na kucheza, na Daniel Biebuyck pamoja na wasaidizi wake wakaiandika. Kitabu chake kilitoka mwaka 1969, na jina la Kahombo Mateene limo pamoja na la Biebuyck. Humo Mwindo anacheza wiki, mchezo wa mbegu, na Sheburungu. Anapoteza mali, anapoteza mifugo, anapoteza watu wake, hata shangazi yake. Halafu anaweka fimbo yake ya conga, na vyote vinamrudia. Mchezo kama ule tungewakataza vijana mara moja, kwa maana mshindi hashindi kwa akili yake. Anashinda kwa bahati au kwa fimbo ya ajabu. Lakini katika sataranji hakuna mbegu iliyofichwa mkononi. Kila kete iko mbele ya macho ya wote wawili. Aliyeshindwa hana wa kumlaumu, wala mchawi, wala bahati, wala jirani.

Tena mzee asidhani kwamba Kanisa halijaliangalia jambo hili. Katika karne ya 11 Mtakatifu Petro Damiani alimkaripia askofu wa Firenze kwa kuwa alikaa katika nyumba ya wageni akicheza sataranji. Akampa kitubio cha kusali Zaburi zote mara tatu na kuwaosha miguu maskini 12. Askofu alijitetea kwamba sataranji si dadu, lakini haikumsaidia. Miaka mia tano baadaye Mtakatifu Teresa wa Avila, katika kitabu chake Njia ya Ukamilifu, aliwaeleza watawa wake unyenyekevu kwa mfano wa malkia wa sataranji anayemfunga Mfalme wa mbinguni mwenyewe. Baadaye aliiondoa sehemu ile alipoandika kitabu upya, labda akiona haya kwamba anaujua mchezo sana. Lakini Wahispania hawakusahau, na leo wachezaji wa kule wanamhesabu kuwa msimamizi wao. Basi mzee akitaka kumfuata Petro Damiani, sisi tutamfuata Teresa, na wote wawili ni watakatifu.

Na kama anasema ni mchezo wa watu walioshiba, aulize habari za Katwe, mtaa wa mabanda wa Kampala. Kule Robert Katende aliwakusanya watoto kwa sataranji na kikombe cha uji. Mmoja wao, Phiona Mutesi, mwaka 2010 alichezea Uganda katika Olimpiadi ya sataranji huko Khanty-Mansiysk, katika Siberia. Aliingia pale kwa ajili ya uji, wala hakuona haya kulisema.

Yatosha kwa mzee. Sasa na tuje kwa kijana.

Huo ufunguzi anaojivunia unaitwa wa Kihispania, au wa Ruy López. Ruy López alikuwa padri wa Zafra katika Hispania, na mwaka 1561 alitoa kitabu juu ya mchezo huu. (Inasemekana pia alishauri umkalishe mwenzako jua limpige machoni. Padri ni mtu kama sisi.) Katika kitabu kile anapima hatua, anasema hii ni nzuri kwa sababu hii, ile ni mbaya kwa sababu ile. Anabishana na mwandishi aliyemtangulia. Yaani mtu ambaye ufunguzi unaitwa kwa jina lake hakusema hata siku moja: «Ndivyo ilivyoandikwa.»

Tulimwambia kijana: leta karatasi, tutakuonyesha mchezo mmoja ulioandikwa, uliochezwa katika mashindano makubwa ya Dresden katika Ujerumani mwaka 1892. Kete nyeupe zilikuwa za Siegbert Tarrasch, mganga wa Nürnberg, ambaye mwishoni alishinda mashindano yale. Kete nyeusi zilikuwa za Georg Marco, mtu hodari, ambaye baadaye alisifiwa sana kwa maelezo yake ya michezo ya wengine. Hatukuuchagua mchezo huu kwa kuwa ni mrefu au wa kutatanisha. Una hatua 18 tu. Tuliuchagua kwa kuwa Marco alishindwa kwa hatua ambayo kila mtoto wetu angeicheza.

Kwa msomaji asiyezoea kuandika mchezo, jambo ni jepesi. Safu za ubao zinazotoka kwako kwenda kwa mwenzako zina herufi, a mpaka h, kutoka kushoto kwa mwenye nyeupe. Safu za kukata zina namba, 1 mpaka 8, kuanzia upande wake. Kila nyumba ina jina lake, kama vile kila kilima chetu kina jina: e4, d6, c5. Mchezaji katika mashindano anaandika kila hatua yake na ya mwenzake. Basi leo mtu wa Nyabiondo au wa Pinga anaweza kuketi na ubao wa vifuniko vya chupa, akauona mchezo uliochezwa zaidi ya miaka mia moja iliyopita, hatua kwa hatua, kama anayepita nyuma ya viti vya wale mabwana.

Tarrasch anatoa askari wake e4. Marco anamzuia kwa askari wa e5. Tarrasch anatoa farasi f3, anamtishia askari yule. Marco anatoa farasi c6, anamlinda. Na hatua ya tatu, ile ya padri wa Zafra: askofu mweupe anakwenda b5. Kwa nini? Kwa kuwa farasi wa c6 ndiye mlinzi wa askari wa e5. Anayetaka kumpata mtu hutazama kwanza ni nani amlindaye. Askofu hamgusi yule askari. Anamgusa mlinzi wake. Hilo tu ndilo jibu tulilotaka kutoka kwa kijana wetu, na lingetosha kwa sentensi moja.

Marco anasogeza askari d6, ili e5 apate mlinzi wa pili. Tarrasch anaongeza nguvu kwa askari wa d4. Marco anaweka askofu d7, ili farasi wake asibanwe. Farasi mweupe wa pili anatoka c3, farasi mweusi wa pili anatoka f6. Katika hatua ya sita Tarrasch anamficha mfalme wake pembeni nyuma ya mnara, kama sheria inavyoruhusu mara moja katika mchezo, na Marco anatoa askofu wa pili e7. Hatua ya saba, Tarrasch anausogeza mnara wake e1. Hakuna kelele. Hakuna kete iliyoliwa. Mnara umesimama tu, unatazama mbele katika safu ya e, ambamo kwanza yupo askari wake mwenyewe.

Hapa tulisimama. Tukamgeukia kijana: «Wewe ni Marco. Unafanya nini?» Akajibu mara moja: «Ninamficha mfalme. Kila kitabu kinasema, mfiche mfalme mapema.»

Ndivyo alivyofanya Marco. Na mchezo ulikwisha pale pale, ingawa yeye alikaa hatua kumi na moja zaidi bila kufurahi.

Tazameni. Tarrasch anamla farasi wa c6 kwa askofu wake, askofu mweusi anarudisha kisasi kutoka d7. Askari mweupe wa d4 anakula e5, askari mweusi wa d6 anakula naye. Malkia wawili wanaliana katika d8, na mnara mweusi wa a8 unasimama pale. Farasi mweupe anakula askari wa e5. Mlinzi wake amekwisha kuondoka. Marco anajilipa: askofu wake anamla askari wa e4, farasi wa c3 anamla askofu huyo, farasi mweusi anamla farasi yule. Mtu akihesabu kwa vidole ataona wamelipana sawa sawa. Lakini sasa safu ya e iko wazi, na ndani yake wamepangwa wawili wa Marco mbele ya mnara mweupe: farasi katika e4, na nyuma yake askofu katika e7. Farasi akiondoka, askofu analiwa. Na ni nani angemlinda yule askofu? Mfalme, kama angalikuwa bado nyumbani kwake e8. Lakini mfalme amekwenda kujificha! Kwa kumtafutia mfalme usalama, Marco alimwondoa mlinzi mlangoni.

Hapo Tarrasch hakumla farasi. Katika hatua ya 13 alirudisha farasi wake d3. Jambo hili tutalirudia baadaye. Marco alimtegemeza farasi wake kwa askari wa f5, Tarrasch akamsukuma kwa askari wa f3. Askofu mweusi akaruka c5 kumtishia mfalme, akaliwa na farasi wa d3, naye farasi mweusi akamla aliyemla. Askofu wa mwisho wa Tarrasch akatoka g5, akaugusa mnara wa d8. Mnara ukakimbilia d5 kumlinda farasi. Askofu akaingia e7, akagusa mnara wa pili na farasi kwa pamoja. Mnara wa pili ukaja e8. Ndipo askari mdogo wa c akasogea c4, akauambia mnara wa d5: ondoka. Ukiondoka, farasi anakufa. Marco akaweka mikono chini.

Na jambo lililotuuma sisi zaidi ni hili. Tarrasch alikuwa ameueleza mtego huo wote katika maandishi mwaka 1891, kiasi cha mwaka na nusu kabla ya mashindano. Ulikuwa umechapwa. Marco hakuuweka moyoni. Alicheza kwa mazoea mema. Dawa ilikuwa askari wa e5 kumla yule wa d4 katika hatua ya saba, kupunguza mzigo kabla ya kujificha, basi.

Kijana wetu, aliposikia hayo, alichomoa kalamu akasema: «Vizuri, nitaandika: hatua ya saba, usifiche mfalme, kula d4.» Tulitaka kulia. Alikuwa ameongeza mstari mmoja katika orodha yake. Kesho mwenzake akibadili hatua ya tano, atabaki amesimama kama mbuzi aliyekatwa kamba.

Lakini tumlaumu nani? Sisi tuliosoma seminari tunajua jinsi tulivyosoma. Tulipanga maneno ya Kilatini kwa safu, tukayaimba usiku tukitembea chini ya miti. Tulihifadhi uthibitisho wa pembetatu mpaka herufi zake. Na siku moja mwalimu mmoja alipobadili herufi tu ubaoni, akaandika M, N na P badala ya A, B na C, darasa zima lilinyamaza. Sisi tuliokuwa wa kwanza katika orodha tulinyamaza kuliko wote. Hatukuona haya siku ile. Tulisema mwalimu ameonea.

Halafu tukawa walimu, tukafanya vile vile. Mtoto akijibu neno kwa neno, tunasema vizuri sana. Akijibu kwa maneno yake mwenyewe, tunamwambia aketi. Ni rahisi kumsahihisha kasuku. Unasikia tu kama neno limepungua. Mtoto anayefikiri anachosha, kwa kuwa inakubidi nawe ufikiri. Tuseme kweli, wenzetu: mara nyingi tunataka wahifadhi kwa sababu sisi wenyewe hatujui kwa nini. Nasi tukishika sataranji tunaleta ugonjwa huo huo. Tumeona katika vikundi vyetu karatasi zilizonakiliwa kwa mkono, zimejaa hatua tupu, hakuna neno moja la maelezo, zinapita kutoka Masisi mpaka Walikale kama dawa isiyo na jina la mganga. Siku hizi wenye simu ni wabaya zaidi. Wanapanda kilima kutafuta mtandao, wanaiuliza simu, simu inawaambia hatua iliyo bora, wanashuka kilima wakiwa na hatua bila sababu. Simu haikukosea. Lakini simu haitakaa nao kwenye ubao.

Wengine watatujibu: «Babu zetu walihifadhi, na ndiyo nguvu yetu. Huyo Rureke uliyemtaja hakuhifadhi?» Swali ni zuri, wala hatulidharau. Lakini mtu anayesimulia siku 12, akiimba, akicheza, akiigiza sauti ya huyu na mwendo wa yule, huyo si kasuku. Ukimkatiza kwa swali hapotei. Anajua Mwindo anatoka wapi, anakwenda wapi, na kwa sababu gani. Hadithi imo ndani yake kama njia za msitu zimo ndani ya mwindaji. Mti ukianguka katikati ya njia, anazunguka. Mhifadhi wetu wa hatua kumi na mbili akikuta mti umeanguka, anarudi nyumbani. Kuhifadhi kwa namna ya Rureke na tuhifadhi sana! Kwa namna ya kasuku, afadhali mtoto asijue ufunguzi wowote, asogeze kete zake kwa kutazama na kujiuliza.

Mbona tunapaza sauti hivi kwa ajili ya mchezo? Kwa sababu tumeona miaka hii iliyopita. Vita vilifika Masisi-centre Januari 2025, na Walikale-centre Machi mwaka ule ule. Watoto wamekimbia mara mbili, mara tatu. Wengine wamekosa masomo kwa miezi. Sasa mwalimu anayewapata tena darasani anaona deni kubwa, naye anataka kulilipa kwa haraka: hifadhini hili, hifadhini lile, mtihani unakuja. Tunamwelewa, mshahara wake tunaujua. Lakini mtoto wa hapa kwetu, kuliko mtoto yeyote, atakutana na hatua ya saba. Siku moja wenzake wote wataacha darasa la sita kwenda machimboni Rubaya, na kwenda kutaonekana ndiyo hatua ya kawaida. Siku nyingine atakuja mtu na bunduki na maneno matamu, aseme vijana wote wa kilima hiki wamekwisha kujiandikisha, umebaki wewe tu. Kila kitabu kinasema, fuata wenzako. Ni nani aliyemfundisha kusimama kidogo, kutazama safu ya e, kuuliza: mnara ule umesogezwa pale kwa nini?

Hatusemi sataranji itazuia vita. Atakayeandika kwamba tumesema hivyo atatusingizia. Tunasema mtoto aliyezoea kuulizwa «kwa nini» mara thelathini katika saa moja, bila kupigwa wala kuchekwa, amepata kitu ambacho orodha yetu haimpi.

Basi tumefanya hivi katika kikundi chetu, na wenzetu wa parokia nyingine wakitaka wafanye. Tumezikusanya zile karatasi za hatua tupu. Hatukuzichoma, karatasi ni ghali. Tunaandika nyuma yake. Tunachukua mchezo mmoja tu ulioandikwa, nao unakaa wiki tatu au nne. Mmoja anashika karatasi, anaifunika kwa kipande kingine, anasoma hatua ya kwanza. Wengine wanasogeza kete, kisha kila mmoja anaandika hatua ambayo yeye angecheza na sababu yake kwa sentensi moja ya Kiswahili. Ndipo karatasi inafunuliwa mstari mmoja. Aliyepatia hatua bila sababu hapati alama. Aliyekosa hatua lakini ana sababu ya kueleweka anapata nusu. Mwanzoni walinung'unika. Yule kijana wa hatua kumi na mbili alipata sifuri majuma mawili, akatuambia kanuni hii imetungwa kwa ajili yake. Tulimkubalia.

Tuliwapa pia habari nyingine ya Marco huyo huyo, ili wasidhani tunamcheka. Mwaka 1902, katika mashindano ya Monte Carlo, alicheza na Ignatz von Popiel. Aliona askofu wake amebanwa, haokoki, akakata tamaa akasalimu. Kumbe askofu yule angeweza kwenda mbele mpaka g1, pale karibu na mfalme wa adui, na Marco ndiye angeshinda. Mara ya kwanza alishindwa kwa kuamini hatua ya mazoea, mara ya pili kwa kuamini hofu. Na mtu huyu alikuwa bingwa. Vijana wetu walikaa na ubao ule wa Monte Carlo mpaka giza likaingia. Mmoja aliomba tusimwambie jibu, aende nalo nyumbani.

Jumamosi iliyopita tulifika tena kwenye hatua ya 13 ya Dresden, ile tuliyosema tutairudia. Farasi mweusi yuko e4, mnara mweupe unamtazama, hakuna aliyemlinda. Tukauliza: kwa nini Tarrasch hakumla? Vijana sita walikuwapo. Wanne waliandika: amle. Mmoja hakuandika kitu. Yule wa hatua kumi na mbili aliandika «farasi d3», lakini mahali pa sababu aliacha wazi, kisha akafuta yote.

Mzee alikuwa ameingia bila sisi kumwona. Alikuja kutafuta mjukuu wake. Alisimama nyuma yao, mikono mgongoni, kama anavyosimama kwenye kisoro cha wengine akizuia ulimi wake. Mwishowe akashindwa. Akauliza ule mnara mweusi wa d8 unakwenda namna gani. Tukamwambia: moja kwa moja, mpaka ukutane na mtu. Akanyosha kidole, akaishuka safu ya d yote, nyumba kwa nyumba, mpaka d1, akakigeuza kidole kumwelekea mfalme mweupe aliyefungiwa nyuma ya askari wake watatu.

«Mnara wenu ukienda kumla yule farasi,» akasema, «nyuma kunabaki nani?»

Wakaziona d1 na e1. Ukila farasi, mnara mweusi unashuka d1, mnara wako unarudi e1 kumkinga mfalme, unaliwa, na mfalme hana pa kwenda. Ndiyo sababu Tarrasch alirudisha farasi d3: kuziba safu ile kwanza. Yule kijana wetu aliuchukua tena wino wake akaandika sababu kwa sentensi tatu, zaidi ya kanuni, nasi hatukumkata alama. Mzee aliketi kwenye benchi. Alitaka kujua kama huyo Marco, pale kwenye hatua ya saba, hakuwa na njia nyingine zaidi ya ile ya kula d4, na walipoanza kumtafutia, mjukuu wake alikuwa amekwisha kurudi nyumbani peke yake.